Korosho Mia Mbili Mkekani: Namna ya Kukihesabu Kitongoji Chako

Kabla hujabishana na mtu kama watu duniani wanajaa au wanaisha, hesabu kwanza watu wa kitongoji chako. Unahitaji daftari gumu la mistari, kalamu ya wino na ya risasi, mkeka mpana, na debe la korosho ghafi. Kama huna korosho tumia mbaazi, ila mbaazi zina shida moja: kuku watakula takwimu zako.

Mie nilifundisha hisabati shule za msingi huku uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, mpaka nikastaafu. Enzi zile walimu tulipokuwa ndio makarani wa sensa, nilizunguka na fomu nyumba kwa nyumba, Newala na upande wa Tandahimba. Sensa ya 2022 ilifanyika kwa vishikwambi, na ilipokwisha vishikwambi vikagawiwa walimu. Mie nilikuwa nimeshatoka kazini, sikuambulia kitu. Kwa hiyo njia nitakayoeleza ni ya daftari, haitaki chaji.

Nimeandika haya kwa ajili ya mabishano ya kijiweni. Msimu wa mnada vijana wanarudi kutoka Dar es Salaam kuulizia pesa za korosho za nyumbani, na wanarudi na mambo waliyoyaona kwenye simu. Mmoja anasema Wakorea wanaisha, Wajapani wanaisha, dunia itabaki ya Waafrika. Wa pili anasema tunaokwisha ni sisi, kwani hamwoni darasa la kwanza la mwaka huu lilivyo dogo? Wa tatu anadai watu wamejaa, ardhi imekwisha, juzi tu kaka zake wamegombania mikorosho ya mjomba. Wote watatu wameshika kipande cha ukweli, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuhesabu nyumba kumi za jirani zake.

Ruhusa na mwezi wa kuhesabu

Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji. Waeleze kwamba takwimu rasmi ni kazi ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa Sheria ya Takwimu ya 2015, na kwamba yako ni hesabu ya ndani ya kijiji, ya kuwasaidia kupanga. Usiandike majina. Kila nyumba ipe namba, na orodha inayounganisha namba na mwenye nyumba ikae kwa mwenyekiti. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, unajua mwenyewe kitakachotokea kisimani siku habari za tumbo la mtu zikianza kusomwa hadharani.

Usihesabu kuanzia Oktoba hadi Desemba. Watu wako kwenye vibanda mashambani wanaokota korosho, nyumba zimefungwa, na mgeni mwenye daftari wakati wa malipo atadhaniwa anatafuta wadaiwa wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima. Chagua mwezi ambao kwenu watu wamelala nyumbani, uuandike, kwa sababu utarudi mwezi huohuo miaka ijayo.

Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Wahesabu waliolala hapo usiku wa kuamkia siku ya hesabu, kama sensa ilivyofanya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mume wa wake wawili anaandikwa alikolala. Usiongeze swali hapo, wewe si mpelelezi.

Umri

Mtu mzima akikuambia ana miaka 40, andika kwa kalamu ya risasi. Watu hupenda umri unaoishia na sifuri au tano. Ukikubali kila jibu utapata kitongoji chenye watu wa 40, 45 na 50, na wa 43 hayupo. Makarani duniani kote wanalijua tatizo hili, na dawa yake ni kalenda ya matukio. Ya huku kwetu inaweza kuwa hivi: kimbunga cha Lindi, 1952, Uhuru, 1961, Azimio la Arusha, 1967, watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, katikati ya miaka ya 1970, vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, kifo cha Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999, kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa pale Rufiji, 2003, vurugu za gesi Mtwara mjini, 2013, mwaka jeshi liliposomba korosho, 2018, tahadhari ya kimbunga Kenneth, Aprili 2019.

Bibi usimuulize alizaliwa lini. Muulize: vita vya Kagera vilipopiganwa ulikuwa umeshachezwa unyago? Ulikuwa na mtoto mgongoni? Mtoto gani? Ukifika kwenye jina la mtoto, miaka inajipanga yenyewe. Kwa watoto wadogo omba kadi ya kliniki, humo tarehe ipo.

Kumuuliza mama uzazi wake

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiharibu hapa, mengine yote ni kucheza na korosho.

Kijana wa kiume usiende kumuuliza mama wa watu habari za uzazi. Mtume dada yako au shangazi yako, tena mwenye mdomo wa kufunga. Muulizaji aingie kwa hodi, aamkie, akae chini, amsaidie mwenyeji alichoshika, hata kama ni kuchambua mboga. Mume asiwepo, mama mkwe asiwepo, wala mtoto mkubwa asisikilize mlangoni. Nimeshuhudia jibu likibadilika kwa sababu tu mkwe alikohoa uani.

Usiulize “una watoto wangapi”. Mwanamke wa huku, ambako mtoto ni wa ukoo wa mama, akiulizwa hivyo atamtaja na mtoto wa mdogo wake, na hajadanganya. Mwingine atataja walioko nyumbani tu. Mwingine atawaacha waliofariki kwa sababu hapendi kuwagusa. Uliza kwa ngazi, wa kiume na wa kike mbalimbali: uliowazaa mwenyewe na mnaishi nao hapa, uliowazaa na wanaishi kwingine, uliowazaa wakatangulia mbele ya haki. Akisita kwenye ngazi ya tatu, ngoja. Akisema “yule hakukaa”, uliza kwa upole kama alilia alipozaliwa. Akiwa alilia, hata mara moja, huyo amezaliwa hai na anahesabiwa. Kisha msomee jumla: “Mama, nimeandika sita, wanne wapo na wawili wametangulia. Nimeandika sawa?” Mara nyingi ni hapo anapomkumbuka wa saba.

Mwanamke ambaye hakujaaliwa kuzaa, andika sifuri na uendelee na mazungumzo bila kubadili sauti. Usimruke. Ukiwaruka wenye sifuri, wastani wa kitongoji unapanda bila sababu.

Ngazi ya tatu ina maana kubwa kwa hesabu hii. Katika utafiti wa afya na uzazi wa 2004–05, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 112 walikuwa wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika ule wa 2022 ni 43. Utakutana na bibi aliyezaa tisa akalea watano, na mjukuu wake aliyezaa wanne na wote wanne wanacheza uani. Wazee watasema uzazi umeanguka nusu kwa nusu. Kwenye mkeka wa kulia chakula, familia hizi mbili zinakaribia kulingana.

Sasa swali la pili, kwa kila mwanamke wa miaka 15 hadi 49: amejifungua mara ngapi ndani ya miaka mitatu iliyopita? Mitatu, si mmoja, kwa sababu kitongoji ni kidogo na mwaka mmoja unaweza kuwa wa neema au wa ukame bila maana yoyote. Hata utafiti wa taifa hutumia miaka mitatu.

Panga wanawake katika makundi saba: 15–19, 20–24, na kuendelea mpaka 45–49. Katika kila kundi chukua watoto waliozaliwa, gawa kwa tatu upate wa mwaka mmoja, halafu gawa kwa idadi ya wanawake wa kundi hilo. Nitatoa mfano wa kubuni ili uone mwendo. Wanawake 30 wa 15–19 wakizaa watoto 9 kwa miaka mitatu, ni 3 kwa mwaka, na 3 kwa 30 ni 0.10. Wanawake 25 wa 20–24 wakizaa 15, ni 0.20. Wa 25–29 tuseme hivyohivyo, 0.20. Wanawake 20 wa 30–34 wakizaa 9, ni 0.15. Wengine 20 wa 35–39 wakizaa 6, ni 0.10. Wengine 20 wa 40–44 wakizaa 3, ni 0.05. Wa mwisho hawakuzaa. Jumla ni 0.80. Zidisha kwa 5, kwa kuwa kila mwanamke hukaa miaka mitano ndani ya kundi. Unapata 4.0. Maana yake ni kwamba binti akipita umri wote wa kuzaa kwa mwendo wa wanawake wa leo, atazaa wanne.

Kisha chukua wanawake waliopita miaka 45 na utafute wastani wa waliowazaa maishani. Namba hii ya pili ni ya jana, ile ya kwanza ni ya leo. Ukiona ya jana ni 6 na ya leo ni 4, umeyaona kwa macho yako mabadiliko ambayo watu wanayasoma kwenye simu.

Linganisha. Tanzania nzima ilikuwa na wastani wa zaidi ya watoto 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990, 5.2 kwenye utafiti wa 2015–16, na 4.8 mwaka 2022. Katika ule wa 2015–16, Kanda ya Kusini, yaani Lindi na Mtwara, ilikuwa chini ya 4, wakati Kanda ya Magharibi ilikaribia 7. Dunia nzima ilikuwa karibu na 5 miaka ya 1960, leo iko kama 2.3. Japani 2024: 1.15. Korea Kusini 2023: 0.72.

Wazee wa kijiweni wana jibu tayari kwa nini sisi wa Kusini tuko chini: vijiti na sindano. Ni kweli Lindi imo kati ya mikoa inayoongoza Tanzania Bara kwa wanandoa kutumia njia za kisasa za uzazi wa mpango. Lakini kijiti hakimfuati mtu nyumbani. Maoni yangu ni kwamba mwanamke mwenye mikorosho ya ukoo wa mama yake, aliyesoma walau la saba, na ambaye ana hakika mtoto wake atakua, haoni sababu ya kuzaa kikosi. Huenda nimekosea kwenye mikorosho. Kwenye shule na uhai wa watoto sina wasiwasi, kwa sababu nchi moja baada ya nyingine, zenye dini na serikali za kila aina, uzazi umeshuka kwa kufuata mambo hayo.

Mkekani

Tandika mkeka kivulini, ukaribishe watu. Korosho moja ni mtu mmoja. Weka fito katikati, wanaume kushoto, wanawake kulia. Mstari wa chini kabisa ni watoto wa 0–4, juu yake 5–9, na kuendelea mpaka wazee. Ukiwapanga Watanzania wote kwa namna hii unapata kichuguu: chini pana, juu pamechongoka, kwa sababu zaidi ya watu 4 kati ya kila 10 wako chini ya miaka 15. Ukiwapanga Wajapani, chini ni pembamba na uzito uko juu. Karibu watu 3 kati ya kila 10 huko wamevuka miaka 65, na walio chini ya miaka 15 ni kama mmoja kati ya kila tisa.

Kitongoji chako huenda kisifanane na chochote kati ya hivyo. Huku uwandani mara nyingi unakuta chini pana kiasi, katikati pamebanwa, juu pananenepa tena. Wa miaka 20 hadi 34 hawapo. Usikimbilie kusema hawakuzaliwa. Wako Kariakoo, Mbagala, Mtwara mjini. Watoto wao wako kwa bibi.

Sasa ondoa korosho zote, tufanye jambo ambalo nalipenda kuliko mengine. Hesabu korosho 200: wanawake 100 na wanaume 100. Hawa ni wazazi wa Korea. Kwa 0.72, wanawake 100 wanazaa watoto 72. Panga korosho 72 chini yao. Kati ya hao 72, wasichana ni kama 35, maana duniani kote wavulana huzaliwa wengi kidogo, kama 105 kwa kila wasichana 100. Wale 35 nao wakizaa kwa 0.72, wanapata watoto 25. Panga 25. Babu na bibi 200, wazazi 72, wajukuu 25. Acha watu waitazame mistari ile mitatu. Mtu atauliza nani atawapikia uji wale 200, na hilo ndilo swali wanalojiuliza Wakorea wenyewe.

Halafu fanya kwa wanne wa mfano wetu. Wanawake 100, watoto 400, wasichana kama 195, wajukuu 780. Mkeka utajaa hujamaliza mstari wa tatu. Ukimaliza, zianike tena kabla ya kuzipeleka chama cha msingi, kwani mpima mizani hatajali kwamba zilikuwa Wakorea.

Mtu makini atauliza: kwa hiyo wakizaa wawiliwawili kitongoji kinasimama palepale? Karibu. Inahitajika 2.1. Hiyo 0.1 inafidia wavulana kuzaliwa wengi kidogo na wasichana wanaofariki kabla ya kufika umri wa kuzaa. Penye vifo vingi vya watoto, inahitajika zaidi ya 2.1. Leo zaidi ya nusu ya nchi za dunia ziko chini ya kiwango hicho.

Lakini usiwaache waondoke wakidhani kwamba uzazi ukifika 2.1 leo, watu wanaacha kuongezeka kesho. Rudisha kichuguu mkekani. Waonyeshe wasichana wa chini ya miaka 15, kisha waonyeshe wanawake wa miaka 30 hadi 44. Wasichana ni wengi zaidi, na wameshazaliwa, hakuna sera ya kuwarudisha. Hata wakiamua kuzaa wawili tu, watoto wao watazidi idadi ya wazee watakaozikwa, kwa miongo kadhaa. Mchina ndiye mfano wa wazi. Uzazi China ulishuka kutoka karibu watoto 6 hadi chini ya 3 ndani ya miaka ya 1970, kabla hata ya amri ya mtoto mmoja ya 1980. Miaka ya 1990 mwanzoni ulikuwa umeshapita chini ya 2.1. Hata hivyo watu wa China wakaendelea kuongezeka, wakaanza kupungua mwaka 2022. Miaka thelathini hivi katikati! Amri ilifutwa, mwaka 2016 wakaruhusiwa wawili, 2021 watatu, na watoto hawakurudi kwa wingi uliotarajiwa.

Ndiyo sababu wanaobishana kijiweni wanaweza wote kuwa sahihi. Dunia ilitimiza watu bilioni 8 mnamo Novemba 2022. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ni kwamba itafika kama bilioni 10.3 katikati ya miaka ya 2080, kisha ianze kushuka polepole. Tanzania imetajwa kati ya nchi nane ambazo zitabeba zaidi ya nusu ya ongezeko la watu duniani hadi 2050, na makadirio yanatupeleka karibu milioni 130 mwaka huo. Sensa ya 2022 ilitukuta 61,741,120. Wakati huohuo kitongoji chako uwandani kinaweza kuwa kinazeeka.

Waliokuja na walioondoka

Kila kaya iulize maswali mawili zaidi: nani aliyekuwa akiishi hapa miaka mitano iliyopita na ameondoka, na nani amehamia. Andika umri, jinsia na alikokwenda au alikotoka. Bila hili hutaelewa hesabu yoyote ya Kusini.

Tazama sensa zenyewe. Kati ya 2002 na 2012 Lindi ilikua kwa asilimia 0.9 tu kwa mwaka, Mtwara 1.2, kati ya mikoa ya mwisho nchini. Kati ya 2012 na 2022 Lindi ikatoka 864,652 hadi 1,194,028, na Mtwara 1,270,854 hadi 1,634,947. Ukipiga hesabu ni kama asilimia 3.2 na 2.5 kwa mwaka. Gawa 70 kwa asilimia hiyo upate miaka ya watu kuongezeka mara mbili: kwa mwendo wa zamani Lindi ingehitaji karibu miaka 78, kwa mwendo mpya 22. Wanawake wa Lindi hawakuanza ghafla kuzaa mara tatu. Watu wamehama. Mtu wa Liwale, Nachingwea au Kilwa atakueleza habari za wafugaji waliofika na mifugo yao, na wakulima waliofuata ufuta. Uwandani kwetu, penye shida ya maji na mashamba yaliyojaa mikorosho ya watu, wageni wa namna hiyo hawaji kwa wingi. Kusini ileile, mikoa miwili, mikeka miwili tofauti kabisa.

Mbele ya mkutano wa kijiji

Usiende na namba zote. Watu hawakai juani kusikiliza makundi saba ya umri. Nenda na mistari miwili: ya watoto na ya wazee.

Ya watoto ni kwa ajili ya madarasa. Jumla ya walio 0–4, gawa kwa tano, ndio wastani wa watakaoingia darasa la kwanza kila mwaka miaka michache ijayo. Linganisha na wanafunzi 45 ambao serikali inaweka kwa darasa moja. Kabla hamjachangia tofali, hesabu hii iwe imefanyika.

Ukikuta mstari wa 0–4 ni mfupi kuliko wa 5–9, usitangaze msiba bado. Kagua kwa mpangilio huu. Kwanza, vichanga vimesahauliwa? Hutokea hata kwenye sensa kubwa, mtu hamtaji mtoto ambaye hajatimiza siku arobaini. Rudi kwenye kaya zenye wanawake vijana ukaulize kwa kulitaja hasa neno kichanga. Pili, mama zao wameondoka? Tazama orodha ya walioondoka, uone wanawake wa 20–29 wangapi wako humo. Kama wameondoka na watoto, shule yako inapungua na shule ya Mbagala inafurika, taifa halijapoteza mtu. Tatu, kama vichanga vimo na mama wapo, basi kweli wanazaa wachache, na ile hesabu ya makundi saba itakuthibitishia.

Mstari wa wazee ndio unaopuuzwa, na kwa maoni yangu ndio wenye kazi zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Hesabu wangapi, kisha hesabu wangapi kati yao wanalala peke yao au na wajukuu tu. Japani ilianzisha bima ya matunzo ya wazee mwaka 2000, watu wanaanza kuichangia wakifika miaka 40. Zanzibar inawalipa pensheni wazee wa miaka 70 na zaidi tangu 2016. Bara, mzee asiye na pensheni ya kazi anategemea watoto, mikorosho yake, na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama kaya yake imeandikishwa. Japani wazee ni wengi kwa sababu watoto hawakuzaliwa. Uwandani ni wengi kwa sababu watoto walizaliwa, wakapanda basi. Kwa mzee anayehitaji mtu wa kumpulizia mikorosho yake dawa ya salfa na kumtekea maji, tofauti hiyo haimsaidii chochote leo.

Kwa hiyo pendekezo unalopeleka mkutanoni liwe la kitu kinachoshikika: nyumba namba fulani na fulani zina wazee peke yao, nani wa kaya za jirani anaweza kupita, chama cha msingi kipange vijana wa kupuliza mikorosho yao kwa malipo yatakayokatwa baada ya mnada, mtoa huduma ya afya ngazi ya jamii azijue nyumba hizo. Mkutano ukianza kubishana kuhusu Wakorea, mwachie mwenyekiti.

Nakala moja ya jumla ibaki kwa mtendaji, moja kwa mwalimu mkuu, moja zahanati. Ile orodha ya namba za nyumba isiondoke kwa mwenyekiti. Baada ya miaka mitano rudia, mwezi uleule, mipaka ileile, maswali yaleyale kwa maneno yaleyale, hata kama umepata swali zuri zaidi. Swali jipya liandike nyuma ya daftari, uliulize mwishoni. Na kama kitongoji kimegawanywa kuwa viwili katikati ya safari, kama inavyotokea karibu na uchaguzi, hesabu vyote viwili na uvijumlishe kabla ya kulinganisha.